Nani aliwafundisha watu wa kale?

Mitaala mipya inapojadiliwa nchini Tanzania, hoja mbili zinazopingana husikika kwa sauti moja ya uhakika. Ya kwanza inasema elimu ililetwa na shule. Kabla ya hapo watoto walikua tu na kuiga walichokiona. Ya pili inasema mababu walikuwa na elimu kamili, ya vitendo, isiyo na ada wala mitihani, na kwamba mkondo wa amali ulioanzishwa sasa ni kuirudia njia tuliyoiacha. Pande zote mbili humwita shahidi mmoja, yaani watu wa kale. Hakuna anayesema ni wa kale wa lini, wa miaka 200 iliyopita au wa miaka milioni 2.

Tofauti hiyo si ndogo. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alieleza kwamba kukosekana kwa shule Afrika kabla ya ukoloni hakukuwa na maana ya kukosekana kwa elimu, kwa kuwa watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda. Alikuwa akizungumzia jamii zenye lugha, koo, mashamba na mila zilizokomaa. Waliomfuata wameisukuma kauli hiyo nyuma hadi kwenye mapango na mabonde ya zama za mawe, mahali ambapo hata kuwepo kwa lugha kunabishaniwa. Huko swali hugeuka na kuwa gumu zaidi: je, watu wa mwanzo walifundishana, au kila mmoja alijitafutia?

Mawe yaliyobaki

Zana za kale zaidi zinazodaiwa hadi sasa zilitangazwa mwaka 2015 na kikundi cha Sonia Harmand. Ni mawe makubwa yaliyopasuliwa huko Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, miaka milioni 3.3 iliyopita, ingawa wapo wanaotilia shaka tabaka la udongo yalimotoka. Baada yake zinafuata zana zilizopewa jina la Bonde la Olduvai, ambako Louis na Mary Leakey walichimba kwa miongo mingi. Ufundi wake unaelezeka kwa sentensi moja: jiwe linagongwa kwa jiwe, kipande chenye makali kinabanduka, kinakatia nyama. Ufundi huo ulidumu takriban miaka milioni moja. Kisha, miaka milioni 1.76 iliyopita, huko Kokiselei, nako ni Turkana magharibi, yanatokea mashoka ya mkono: mawe yaliyochongwa pande zote mbili hadi yakapata umbo la tone la maji, ya aina ileile iliyotapakaa Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa. Nayo yalidumu zaidi ya miaka milioni moja.

Kinachosumbua hapa ni kule kutobadilika. Utamaduni tunaoujua haukai kimya kiasi hicho. Mishono, nyimbo na hata namna ya kusuka mkeka hubadilika ndani ya vizazi viwili. Kama kila kizazi kilifundishwa na kilichotangulia, mkono wa kila mwalimu ungeacha alama yake mahali fulani. Wachambuzi wamegawanyika hapo.

Dai la kwanza: hakuna aliyefundishwa

Claudio Tennie na wenzake nchini Ujerumani wanasema zana za Olduvai ziko ndani ya uwezo wa kiumbe yeyote mwenye mikono na akili ya kiwango kile, akiwa na mawe, njaa na muda. Kila kizazi kiligundua upya, ndiyo maana hakuna kilichobadilika. Mwaka 2022 kikundi chake kilichapisha jaribio lililohusu watu ambao hawakuwahi kuonyeshwa namna ya kupasua mawe. Walipewa mawe na kazi iliyohitaji makali, wakazifikia mbinu za msingi peke yao. Kabla ya hapo, mwaka 2016, watafiti walionyesha kwamba kima wa Serra da Capivara, Brazil, hugonga mawe na kubandua vipande vyenye makali bila hata kukusudia kuvipata. Kwa hiyo rundo la vipande si ushahidi kwamba palikuwa na mwalimu.

Hoja hii ina faida kubwa ya nidhamu: inambebesha mzigo wa ushahidi anayedai kulikuwa na mafunzo. Lakini kuweza kugundua mwenyewe si uthibitisho kwamba ndivyo ilivyotokea. Mtu wa leo anayeingia kwenye jaribio amekwisha kuona kisu, wembe na glasi iliyovunjika. Anajua makali ni nini na yanatafutwa wapi.

Kuna pia Lokalalei 2C, eneo la miaka milioni 2.34 huko Turkana. Kikundi cha Hélène Roche kiliviunganisha upya vipande vilivyobanduliwa hadi mawe yakarudi karibu na umbo lake la mwanzo, na hapo mpangilio wa mapigo ukasomeka, moja baada ya jingine. Jiwe moja lilitoa makumi ya vipande, kila pigo likiacha pembe inayofaa kwa pigo linalofuata. Jirani yake, Lokalalei 1, mawe yaliharibiwa mapema kwa mapigo ya ovyo. Wengine hulilaumu jiwe lenyewe kwa ubovu wake. Hata hivyo, hoja ya kila mtu kujigundulia haina jibu jepesi kwa tofauti hiyo. Panapokuwa na mahodari na wasiojua, mtu hana budi kuuliza hodari alifikaje hapo.

Dai la pili: macho ya mtoto yanatosha

Mwanaanthropolojia David Lancy, aliyekusanya maelezo ya malezi kutoka jamii nyingi za dunia, anashikilia kwamba kufundisha kama tunavyokujua ni jambo adimu katika historia ya binadamu. Watoto hutazama, huiga, hucheza kile wanachokiona na kupewa kazi ndogo zinazokua pamoja nao. Mtu mzima anayekatiza shughuli zake ili amweleze mtoto ni zao la shule na la tabaka fulani la wazazi.

Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi ndio mfano unaotajwa mara nyingi. Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo angali na miaka michache tu. Watoto huzunguka kwa makundi karibu na kambi, wakichuma matunda, wakipasua ubuyu, wakichimba viazi mwitu vifupi. Mwanamke anayetafuta kiazi hugonga ardhi kwa mti wa kuchimbia na kusikiliza mlio kabla ya kuamua kama jasho litalipwa. Binti aliye pembeni yake, na kijiti chake mwenyewe, hugonga vilevile. Hakuna anayetangaza kwamba somo limeanza.

Mwaka 2002 Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe katika kazi za porini, wakiwemo waliokaa miaka bwenini. Katika kuchimba viazi, waliotoka bwenini hawakuwa nyuma ya wenzao waliokulia porini. Kwa kazi kama hiyo, nguvu na ukubwa wa mwili vilionekana kuwa na uzito zaidi kuliko miaka ya mafunzo. Matokeo haya yanawakera wote: anayedai porini ni chuo kikuu, na anayedai utoto mrefu wa binadamu uliletwa na wingi wa mambo ya kujifunza.

Dai hili linakaribiana zaidi na maisha yanavyoonekana. Hata hivyo limejengwa juu ya msingi wenye nyufa mbili. Wahadzabe ni watu wa leo. Vichwa vya mishale yao hufuliwa kutoka kwenye misumari, wanabadilishana vitu na majirani wafugaji, na wengi wanazungumza Kiswahili. Kuwatumia kama picha ya watu wa miaka milioni 2 iliyopita ni kuwavunjia heshima na pia ni sayansi mbovu. Wanaweza kutuonyesha kinachowezekana bila shule, wala si kilichokuwa. Ufa wa pili ni wa kipimo. Kama mwalimu ni lazima asimame na kueleza, basi hayupo. Je, aliyempa mtoto upinde alifanya nini?

Dai la tatu: walifundishwa, ila bila maneno mengi

Mwaka 1992 Tim Caro na Marc Hauser walipendekeza kipimo kisichodai maneno wala nia: kiumbe anafundisha ikiwa anabadili mwenendo wake mbele ya asiyejua tu, kwa gharama au angalau bila faida ya papo hapo, na asiyejua akajua mapema kuliko ambavyo angejua. Kwa kipimo hicho, nguchiro wa Kalahari ni mwalimu. Alex Thornton na Katherine McAuliffe walionyesha mwaka 2006 kwamba wakubwa huwapa watoto wadogo nge aliyekufa, kisha aliye hai lakini aliyeng'olewa mwiba, na mwisho nge mzima. Huo ni mtaala wa ngazi tatu, na hakuna neno lililosemwa.

Tukikichukua kipimo hicho na kuwaangalia watu, picha ya Lancy hubadilika. Barry Hewlett aliwarekodi kwa video watoto wa umri wa takriban mwaka mmoja miongoni mwa Waaka, wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati. Mtu mzima humkabidhi mtoto kisu, humwelekeza kidole, hurekebisha mkono wake, kisha huendelea na mambo yake. Tendo zima huchukua sekunde chache, na mgeni anayesubiri somo hatalihesabu. György Gergely na Gergely Csibra wa Budapest wanaongeza kwamba mtoto mchanga mwenyewe yuko tayari kupokea: akiangaliwa machoni na kuitwa, hukichukulia kinachofuata kuwa jambo la kushika, si tukio la kupita. Nao Sheina Lew-Levy na wenzake, walipowatazama watoto wa Kihadzabe na wa Kibayaka wa Kongo, waligundua mwaka 2020 kwamba watoto walifundishana wao kwa wao mara nyingi zaidi kuliko walivyofundishwa na watu wazima. Binafsi naona huo ndio ugunduzi unaopuuzwa zaidi katika mjadala mzima. Tumemtafuta mwalimu mzee, kumbe alikuwa dada wa miaka kumi.

Jaribio linalotajwa zaidi na kambi hii ni la Thomas Morgan na wenzake, lililochapishwa mwaka 2015. Watu 184 walijifunza kupasua mawe kwa njia tano, kuanzia kuachiwa zana zilizokamilika wajitafutie, hadi kufundishwa kwa maneno. Kutazama tu kuliwasaidia kidogo mno. Kufundishwa kuliwasaidia, na maneno yalisaidia zaidi. Watafiti wakahitimisha kwamba zana za Olduvai zilikaa bila kubadilika kwa sababu njia ya kuzirithisha ilikuwa dhaifu, na kwamba mahitaji ya kupasua mawe yalichochea kufundishana na hatimaye lugha.

Hitimisho hilo linavutia kuliko linavyothibitika. Kumnyima mtu wa leo maneno kwa dakika chache hakumgeuzi kuwa Homo habilis, mtu wa kale wa Olduvai. Ni mtu mwenye lugha aliyezibwa mdomo. Zaidi ya hapo, mtoto wa kale hakuwa na dakika chache. Alikuwa na miaka ya kukaa karibu na wanaopasua mawe, kuokota vipande vyao na kujaribu bila mtu kumpima. Jaribio limepima kasi ya kujifunza, halafu likatumiwa kueleza uwezekano wa kujifunza.

Gharama ndiyo inayoamua

Madai haya matatu hugombana kwa sababu kila moja linadhani kulikuwa na njia moja. Ushahidi wenye manufaa zaidi unatoka kwa sokwe, ambao hawana cha kutetea. Gombe, ambako Jane Goodall aliwaona mwaka 1960 wakitumia vijiti kuvua mchwa, kazi hiyo ni nyepesi kiasi. Goualougo, nchini Kongo-Brazzaville, sokwe hutumia zana za aina zaidi ya moja kwa mpangilio, wakitoboa kichuguu kwanza kisha wakiingiza kijiti chenye ncha iliyochanuliwa kama brashi. Stephanie Musgrave na wenzake walilinganisha sehemu hizo mbili mwaka 2020: mama wa Goualougo huwapa watoto zana zao mara nyingi zaidi kuliko mama wa Gombe. Mnyama ni yuleyule, ila kazi ikiwa ngumu, mkubwa hukubali hasara ya kusimama na kumpa mdogo kifaa chake.

Kufundisha ni ghali: kunakula muda na mawe mazuri, na wakati mwingine kunakimbiza mawindo. Hakuna sababu ya kulipa gharama hiyo pale macho yanapotosha. Kipande cha jiwe chenye makali kinaonekana, mlio wa pigo unasikika, kosa linajionyesha lenyewe. Hapo Tennie na Lancy wana nguvu.

Lakini si kila ujuzi unaonekana. Sumu ya mishale ya Wahadzabe hutokana na utomvu wa mimea unaochemshwa hadi uwe mzito, na hakuna kitu katika rangi au harufu yake kinachomweleza mtoto mmea upi, kiasi gani, na kwa nini usiuguse ukiwa na kidonda. Anayejigundulia hapa hufa. Chukua pia ndege wa asali. Wahadzabe humwita kwa mluzi. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji humwita kwa sauti ya kutetemesha ulimi inayoishia na mguno, ambayo wanasema waliipata kwa baba zao. Claire Spottiswoode na Brian Wood walionyesha mwaka 2023 kwamba ndege wa Milima ya Kidero huitikia zaidi mluzi wa Kihadzabe kuliko mwito wa Kiyao, na kwa Wayao hali ni kinyume chake. Mtoto hawezi kubuni mwito wake, kwa kuwa ndege hataujua. Makubaliano yalikuwepo kabla hajazaliwa, na lazima apewe.

Ujuzi wa aina hii ndio tunaoutafuta katika udongo, na unaonekana kwa kuchelewa. Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, miaka 320,000 hivi iliyopita, watu walitumia mawe ya kioo cha volkano yaliyotoka umbali wa kilomita 25 hadi 95, pamoja na madini ya rangi. Jiwe la kilomita 95 huenda lilipita mikononi mwa watu wasioota moto mmoja, na kuishi na watu hao kwa amani kunahitaji kanuni ambazo mtoto hazioni kwa macho. Pango la Panga ya Saidi, Kilifi, lilitoa mwaka 2021 habari za mtoto wa umri usiofika miaka mitatu au unaoikaribia, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, magoti yamekunjwa na kichwa kikiwa kimelazwa juu ya kitu kilichooza zamani. Waliomlaza hivyo walikuwa wakifuata jambo ambalo mtu hawezi kulifikia kwa kujaribu na kukosea.

Miili nayo inaelekea upande huohuo. Kijana wa Nariokotome, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwili wake ulikuwa kama wa kijana aliyebalehe, lakini meno yake yanasema alikuwa na miaka minane au tisa hivi. Utoto wa watu wa wakati wake ulikuwa mfupi kuliko wetu. Meno ya mtoto wa Jebel Irhoud, Moroko, wa miaka 300,000 hivi iliyopita, yalikua polepole kama ya watoto wa leo. Sitaki kuzifunga pamoja nyakati hizi kwa kamba ngumu; mifupa ni michache mno. Ila wakati wa Jebel Irhoud hauko mbali na ule wa Olorgesailie.

Hata mafunzo yalipokuwepo, yalipangwa kwa ubahili. Etiolles, karibu na Paris, mwishoni mwa zama za barafu, wanaakiolojia waliunganisha vipande na kugundua kwamba mahodari walikaa karibu na moto wakiwa na mawe bora, huku wenye mikono isiyokomaa wakiwa pembezoni na mawe duni, makosa yao yakibaki sakafuni. Kambi ya kuiga inaona hapo watazamaji, na ya kufundisha inaona wanafunzi. Naona watu waliojua kujifunza kunaharibu mawe, wakaamua yaharibiwe yapi.

Ada ililipwa

Wanaosifu elimu ya kale kwa kukosa ada wanasahau kuangalia upande wa pili wa daftari. Ujuzi unaoishi vichwani mwa watu wachache hupotea wanapokufa pamoja au wanapotengwa. Joseph Henrich alidai mwaka 2004 kwamba watu wa Tasmania, waliotenganishwa na Australia bahari ilipopanda baada ya zama za barafu, walipoteza zana za mifupa na ufundi mwingine kwa sababu walibaki wachache. Wapo wanaopinga kwa hoja kwamba waliacha wasichokihitaji, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Karibu na kwetu, shanga za maganda ya mayai ya mbuni zilifanana Afrika Mashariki na Kusini kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, kisha mfanano huo ukakatika. Mtandao ulivunjika, na kilichokuwa cha wengi kikawa cha kila mmoja kivyake.

Wala ujuzi haukugawanywa sawa. Hata Wahadzabe, ambao wanasifiwa kwa kutokuwa na wakubwa, wana nyama ya epeme inayoliwa tu na wanaume waliokwisha kuingizwa katika kundi lake, na mambo yake hayasemwi mbele ya wengine. Ujuzi usio na cheti nao una mlango na mlinzi wake.

Mizani

Anayesema hapakuwa na elimu kabla ya shule amekosea kwa angalau miaka laki tatu. Shule za vibao vya udongo za Mesopotamia zina takriban miaka 4,000 tu, na huwezi kuzifanya ndizo mwanzo wa watu kurithishana ujuzi. Anayesema mababu walijifunza yote kwa kutenda amekosea vilevile, kwa sababu kutenda kulitosha pale tu kitu kilipoonekana.

Kosa hili la pili lina madhara ya sasa. Anayetaka somo la amali liwe la mikono mitupu, kwa madai kwamba ndivyo Waafrika walivyojifunza tangu zamani, anachanganya mti wa kuchimbia na sumu ya mishale. Kijana anayejifunza kupiga plasta anaweza kujifunza mengi kwa kumtazama fundi. Anayejifunza umeme haoni mkondo ndani ya waya, wala anayesomea uuguzi haoni bakteria kwenye sindano. Kwao, mfano wa kale unadai maelezo zaidi, si machache. Na kama tunataka kuiga jambo moja kutoka Eyasi, basi ni watoto kufundishana, jambo ambalo darasa lenye mwalimu mmoja na wanafunzi themanini hulikataza kama kelele.

Kuhusu zama za kale kabisa, za kabla ya miaka milioni moja, ninaegemea upande wa Tennie, kwa sharti. Ikiwa siku moja maeneo mawili ya umri mmoja, yenye jiwe la ubora uleule na mawindo yaleyale, yatatoa zana zilizotengenezwa kwa namna mbili tofauti zisizo na sababu ya kikazi, na kila upande ukaishikilia namna yake kizazi baada ya kizazi, itabidi tukubali kwamba mtu alimwambia mtu, "Sisi tunafanya hivi." Hadi sasa Turkana na Olduvai hazijatoa jozi ya namna hiyo.